Uji wa Mdogo Wake

Njombe hatuna njaa. Mahindi ya msimu huu yanakutana ghalani na ya mwaka jana, viazi mviringo vinapakiwa usiku kucha kwenda Dar es Salaam, na mwenye kipande cha ardhi siku hizi anafikiria parachichi za kuuza nje. Pamoja na neema hiyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 30. Iringa wametuzidi, Rukwa tuko nao sambamba. Yaani mikoa inayolisha wengine ndiyo inayoongoza kwa watoto wafupi kuliko umri wao.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nafundisha sayansi na nimekabidhiwa bustani ya shule. Mtu akizisoma takwimu hizo harakaharaka atasema nimechelewa, kwa sababu udumavu huanza mtoto akiwa tumboni na kukomaa katika zile siku 1,000 za mwanzo. Mwanafunzi wa darasa la tano alishazipita zamani. Ni kweli. Ila pita kijijini saa kumi jioni utamwona huyo wa darasa la tano akiwa na mdogo wake mgongoni. Mama yuko shambani au anachuma chai, bibi anachambua maharage huku macho yakimsumbua, na sufuria ya uji iko mikononi mwa huyo binti, mara nyingine mvulana. Yeye ndiye anayeamua uji uwe mzito au mwepesi, utiwe karanga au usitiwe, mtoto ale mara moja au mara tatu. Huyo ndiye ninayemfundisha, na yule wa mgongoni ndiye ninayemlenga.

Kwanza ilibidi bustani isafishwe jina. Wazazi na mababu waliosoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, sera aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967, wanalikumbuka shamba la shule vizuri sana, ila wengi wanachokumbuka ni jembe na fimbo. Mpaka leo zipo shule ambazo mwanafunzi akichelewa anapimiwa eneo akalime. Ukimwadhibu mtoto kwa jembe asubuhi, usimwambie mchana kwamba kilimo ni somo. Kwetu aliyekosea siku hiyo hafiki bustanini. Anabaki darasani na daftari lake, na wenzake wakirudi na matope miguuni anawaonea wivu.

Bustani yenyewe si kubwa: mnafu, mchicha, kabichi, karoti, maboga kwa ajili ya tunda na majani, na viazi lishe tulivyovipa kona yenye jua kwa sababu havipendi baridi yetu. Somo ninalolipenda kuliko yote ni la sota. Asubuhi unakuta mche wa kabichi umelala, umekatwa usawa wa udongo kama kwa wembe. Asiyejua atalaumu mbuzi. Wanafunzi wanachukua kijiti, wanafukua taratibu kuzunguka shina, na chini kidogo tu wanamkuta kiwavi amejikunja, mnene, rangi ya udongo. Anapelekwa kwa kuku. Kabla hajaliwa tumeshazungumzia yai, kiwavi, pupa na nondo, na kitabu hakijafunguliwa.

Kalenda ya shule na ya mvua haziongei lugha moja. Mvua zinaanza Novemba, Desemba shule inafungwa, na magugu yanabaki yakisherehekea. Tukaona tufuate wazee wetu wanavyofanya kwenye vinyungu, vile vijishamba vya bondeni vya kiangazi ambako ardhi hushika unyevu muda mrefu baada ya masika. Kijiji kikatupa kipande, mbali na mto, maana sheria ya mazingira inataka mita 60 na mwalimu akiivunja nani ataishika? Huko watoto ndio walimu. Wameshalima vinyungu na bibi zao tangu hawajaanza shule, na wanajua wapi baridi ya Juni hukaa na kuunguza miche. Vitalu vyote vya bonde tunavifunika kwa nyasi kwa ushauri wao.

Hata hivyo bustani peke yake haifundishi lishe. Nimeona shule zenye matuta ya kupigia picha, mboga zinauzwa, watoto wanakula makande matupu. Kwetu kila kinachovunwa kinapita kwanza kwenye sufuria, mbele ya waliokilima.

Siku ya mnafu tunagawanyika makundi mawili. La kwanza linapika kama nyumbani: majani yanakatwa ndipo yanaoshwa, yanachemshwa kwa maji mengi mpaka yalegee, maji yanachujwa ili uchungu uondoke, kisha mboga inaungwa. La pili linaosha kabla ya kukata, linatia maji kidogo, linafunika, na baada ya dakika chache linaongeza karanga zilizotwangwa. Yale maji ya kundi la kwanza hatuyamwagi nje. Tunayatia kwenye glasi na kuiweka dirishani, yakiwa ya kijani iliyokolea. Nauliza rangi hiyo imetoka wapi. Hapo ndipo ninapotaja vitamini C na foleti, ambazo nazo huyeyuka na kuondoka na maji, na kwamba mafuta ya karanga yanausaidia mwili kuichukua vitamini A iliyomo kwenye majani.

Mboga ya kundi la pili ilipoonjwa mara ya kwanza, nyuso zilikunjamana. Mnafu ulikuwa mchungu kwelikweli. Mama mpishi wetu alikuwa ameegemea mlango.

“Mwalimu, nyie mnasubiri mpaka uchanue,” alisema. “Chumeni ungali mchanga muone.”

Tulichuma mchanga, tukaona. Tangu hapo hakuna somo la jikoni linalofanyika bila yeye. Kwa maharage nilimlipa deni. Juu milimani maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100, ndiyo maana maharage yetu yanakula kuni nyingi kuliko ya Pwani, na yakilowekwa usiku kucha yanawahi kuiva. Hakubishana. Aliziangalia kuni zilizobaki uani, akaniuliza ndoo ya kulowekea aifiche wapi.

Uji ndio tunaoukalia muda mrefu zaidi. Kipimo chetu ni kijiko: ukikiinamisha, uji ushikilie. Ule unaomiminika kama chai unalijaza tumbo dogo kwa maji na kumwacha mtoto na njaa asiyoweza kuisema. Tunaupika mzito, tunatia karanga zilizokaangwa na kusagwa, au dagaa waliosagwa laini, au boga lililopondwa. Mikono inaoshwa kwanza kwa sabuni, na kila mmoja anarudia mwenyewe, wavulana wakiwemo. Sipendekezi ule unga wa lishe wa sokoni unaosifiwa kwa kuwa na nafaka na mbegu za kila aina. Soya ikiwemo bila kuivishwa vizuri humzuia mtoto kuifaidi protini, na nani ajuaye karanga zake zilihifadhiwa wapi? Karanga zenye ukungu zina sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kuchemsha.

Siku ya wazazi tulipika uji uliotiwa parachichi. Baba mmoja mwenye shamba la parachichi aliuonja, akacheka.

“Mwalimu, unataka tule hela?”

“Hapana, mzee. Zile ambazo mnunuzi amezikataa kwa doa au udogo.”

“Hizo za nguruwe.”

Wanawake waliokuwa nyuma yake waliangua kicheko, na mjadala ukahama kutoka kwangu ukawa wao kwa wao: nani huzigawa, kwa nini haziingii ndani kwanza, na kama mtoto anaweza kulishwa kitu ambacho soko limekikataa. Niliwaacha wamalizane. Baadhi yao sasa huleta debe shuleni wakati wa mavuno, na watoto hubeba moja moja nyumbani kwa ajili ya mdogo wao. Wengine bado wanawapelekea nguruwe, na siwezi kuwalaumu sana, kwa sababu nguruwe naye ana mahitaji ya shule ya kulipia.