Askofu Tunamjua, Jones Je?
Wadau, kutoka Kaloleni kwenda Mombasa napita Rabai kila mara, macho kwa simu. Kumbe! Mwaka 1885 askofu Mwingereza, James Hannington, alimpa ushemasi William Jones wa Rabai, aliyewahi kuwa mtumwa. Julai wakashika njia pamoja kwa miguu kuelekea Uganda. Oktoba Hannington akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Askofu akapata siku yake kwenye kalenda ya kanisa. Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliobaki hadi Rabai, na mimi, mtoto wa hapa hapa, hata jina lake sikulijua. Niliona haya, bana. Siku hizi matatu ikifika Rabai, simu naitia mfukoni. Kwenu je, Jones wenu ni nani?