Kihamba na Warithi Wake

Mgeni apandaye Kilimanjaro kutoka Moshi hudhani ameingia msituni, kumbe yumo mashambani mwa watu. Juu imesimama miti ya kivuli kama mruka. Chini yake migomba. Chini ya migomba, kahawa. Na ardhini magimbi na mboga. Maji huletwa na mifongo, mifereji waliyoichimba wazee. Ng'ombe hukaa zizini, huletewa majani na migomba iliyokatwa, naye hulipa kwa samadi. Hicho ndicho kihamba cha Mchagga. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilivitambua vihamba vya Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Heshima hiyo ni njema, lakini haimsaidii mzazi mwenye watoto sita. Juu ya vihamba kuna msitu wa hifadhi. Chini, tambarare kavu yenye wenyewe. Kila kizazi kikigawana, kipande hupungua, na kikishakuwa kidogo mno, mti wa kivuli ndio wa kwanza kuhukumiwa: unachukua nafasi, na mbao zake ni fedha.

Sisi nasi tulikutana baada ya kumzika baba hapo hapo kihambani. Kwa mila, nyumba ya baba ni ya kitinda mimba wa kiume. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na dada yetu mjane alikuwa amerudi nyumbani, akimuuguza baba na kuipogoa kahawa. Kaka mmoja alitaka tupime, tugawane sawasawa. Mdogo wetu akauliza, "Kaka zangu, katika vipande hivyo sita, ng'ombe atafungwa kipi?"

Tuliandika kwamba kihamba ni kimoja na watunzaji ni wawili, dada na mdogo wetu. Mavuno ni yao. Sisi wengine tuna haki ya kuja, na siku ikifika, ya kuzikwa. Kaka yule hajaridhika, wala simlaumu: usawa wa kamba huonekana kwa macho.

Lakini nadhani wazee hawakuihifadhi miti kwa kuipenda tu. Waliihifadhi kwa kuwa waliishi chini yake, wakijua aliyebaki ataikuta. Urithi wa namna hii hauombi wamiliki wengi. Unaomba mtu wa kuuamkia kila siku.