Saa Isiyo na Kengele

Likizo iliyopita, nilipokuwa nyumbani Ruangwa, wanafunzi kadhaa wa shule yetu waliniuliza kama masomo ya Chuo Kikuu ni magumu. Jibu langu ni kwamba masomo hayamshindi mtu aliyefaulu Kidato cha Sita. Lililo gumu ni kuitawala saa.

Shuleni Nachingwea tuliamshwa kwa kengele, tukaingia darasani kwa kengele, na usiku mwalimu wa zamu alihakikisha kila mtu ameshika kitabu. Hapa Mlimani, Dar es Salaam, hakuna kengele wala kiranja. Mtu aweza kukosa mihadhara juma zima asiulizwe na mtu. Atakayemwuliza ni mtihani.

Tazameni hesabu hii. Katika vyuo vikuu vya Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi. Somo la krediti 12, basi, ni saa 120. Zikigawanywa kwa majuma 15 ya mafundisho, ni saa 8 kila juma. Mihadhara huchukua chache tu kati ya hizo. Zilizobaki ni zako kuzipanga. Mwenye masomo matano ya namna hiyo ana kazi ya saa 40 kwa juma.

Njia yangu nimeipata kwa mama, ambaye ni mkulima. Wakati wa palizi hujipimia ngwe yake asubuhi, wala harudi nyumbani kabla haijaisha. Ngwe yenyewe si kubwa, lakini kwa kuwa haruki hata siku moja, magugu hayamshindi.

Nami kila Jumapili jioni huandika ratiba ya juma. Kila mhadhara huupa saa yake siku ile ile. Nazima simu, nasoma niliyoandika, kisha nafunga daftari na kuandika ninayokumbuka. Nikilifungua tena, naona mapengo yangu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1885 kwamba mengi tunayojifunza hutupotea mapema sana, na kwamba kurudia huyahifadhi. Jumamosi tunakutana watu wanne, kila mmoja akawaeleza wenzake jambo moja. Asiyeweza kulieleza bado hajalielewa.

Jihadharini na mipango mikubwa ya ghafla. Nachingwea inaujua Mpango wa Karanga, ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 wakikusudia kulima mamilioni ya eka katika Tanganyika, bila kuujaribu udongo na mvua vya kutosha. Mwaka 1951 waliuacha. Mwanafunzi anayeahidi kusoma saa 16 kwa siku katika juma la mtihani hufanana nao.

Kwetu jambo hili si dogo. Fedha ya chakula na vitabu vyangu hutoka katika korosho ambazo mama hupeleka chama cha msingi, kisha akangoja mnada wa RUNALI. Kila saa ninayoitumia imekwisha lipiwa na mtu aliyeinama shambani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msingoje kufika Chuo Kikuu. Muhula huu chagueni saa moja ambayo kengele haiitawali, mwipangie kazi wenyewe, na kila siku mwimalize ngwe hiyo.