Chale Mbili Mdomoni

Mimi ni fundi wa kuchora vibao. Nilijifunza kazi Mombasa, kwenye ubavu wa matatu na kuta za hoteli za chapati na maharagwe. Leo naifanya Uingereza, ambako baa nyingi zimepewa majina ya ndege.

Kibao cha baa huku huning'inia kwenye chuma juu ya mlango, kikitazama barabara pande zote mbili. Ndege mmoja namchora mara mbili, na mara ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu mkono unataka kunakili. Ukiuachia unakili, jicho la ndege linakufa. Kwa hiyo jicho naliweka kiporo, nalichora asubuhi ya mwisho, kabla sijaongea na mtu.

Mwaka 1393 Mfalme Richard II aliamuru wapikaji pombe wa London watundike alama nje, la sivyo wanyang'anywe pombe yao. Wapita njia wengi hawakujua kusoma, ila Tai na Jogoo kila mtu aliwajua. Ndege wengine walitoka kwenye nembo za wakubwa: kozi, kwa mfano, alikuwa nembo ya Edward IV. Jogoo naye ana historia ya damu, maana watu walikuwa wakipiganisha majogoo hapohapo baani, hadi sheria ya mwaka 1835 ilipokataza. Mwenye baa mmoja alitaka nimchore jogoo wake kasimamisha manyoya ya shingo, tayari kwa vita. Nilimsihi tumchore akiwika, akakubali.

Lakini kibao kilichonibadilisha ni cha Bata Maji Mwenye Shingo Mbili. Bata maji wa huku ni mweupe, mkubwa, shingo kama mpini wa birika. Kwetu hatuna. Jina lile niliona ni la ajabu tu, mpaka mzee mmoja mnywaji wa pale aliponivutia kiti.

Kila Julai, mashua za Mfalme na za vyama viwili vya kale, cha wauza mvinyo na cha watia rangi nguo, hupanda mto Thames kuhesabu bata maji na vifaranga wao. Siku hizi ndege huvishwa pete miguuni. Zamani walichanjwa mdomoni: chale moja kwa watia rangi, mbili kwa wauza mvinyo. Ndege wa chale mbili akafaa sana kuwa alama ya nyumba ya kinywaji. Sasa, kwa Kiingereza neno la chale na neno la shingo hutofautiana kwa irabu moja tu. Inasimuliwa kwamba watu walisikia shingo, na wachoraji wakachora walichosikia.

Nilikaa na ubao ule siku tatu bila kuugusa. Wachoraji wale ni wenzangu. Kosa lao lilikuwa limeshakuwa jina, na jina la nyumba ya watu halifutwi na fundi. Nikachora shingo mbili. Kisha, kwenye kila mdomo, nikatia chale mbili kwa brashi ya nywele chache. Kutoka barabarani hazionekani. Anayesimama chini ya kibao na kuinua macho, huyo ataziona.

Picha za plastiki zinazochapwa kwa mashine haziwezi kufanya hivyo. Kampuni moja yenye baa nyingi ilishusha kibao changu ikaweka yake, na ndege yuleyule nikamkuta katika mji mwingine, bawa kwa bawa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mwaka huu niliagizwa Bundi. Nilimpigia mama simu kabla ya kuanza.

"Mwanangu, bundi juu ya mlango wa watu?"

"Mama, huku bundi ni ndege wa hekima."

Alinyamaza. "Basi mchore amelala, asimwite mtu."

Mwenye baa alitaka macho wazi, yenye rangi ya dhahabu, na ndivyo nilivyomchora pande zote mbili. Mdomo niliufumba kabisa, nikampigia mama kumwambia.