Mshubiri Wangu

Dirishani mwa darasa langu palikuwa na mshubiri katika kopo, niliopewa siku nilipohitimu chuo cha ualimu. Asubuhi moja nikaona majani yake yamekonda na kujikunja kwa ndani, kama ya mmea uliokosa maji. Nikamkemea vikali mwanafunzi wa zamu mbele ya wenzake. Alinyamaza, machozi yakimlengalenga.

Tangu hapo nikautia maji mwenyewe, lakini majani yakazidi kujikunja. Mwishowe niliung'oa. Kumbe! Udongo ulikuwa tope linalonuka, na mizizi mingi imeoza. Kopo halikuwa na tundu hata moja. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa; mmea ulikuwa ukifa kwa kiu ndani ya maji.

Nilikata mizizi mibovu, nikauanika kivulini siku chache, nikaupanda katika chungu chenye tundu, kwa udongo uliochanganywa na mchanga. Nikangoja juma zima kabla ya kuutia maji. Na baadaye nikautia pale tu udongo ulipokauka. Polepole majani yakanyooka.

Kazi iliyokuwa ngumu zaidi ni kusimama mbele ya darasa lile lile na kumwomba yule mtoto radhi. Hakuwa mvivu. Alikuwa ameutia maji kila siku, kama nilivyomwagiza.