Ujira Unaoitwa Posho

Mwaka jana, baada ya kikao cha idara, kijana mmoja ambaye ninasimamia tasnifu yake ya uzamili alinisubiri nje ya ofisi kwa zaidi ya saa nzima. Alipoingia aliniamkia, akauliza hali ya nyumbani, akanishukuru kwa maoni yangu juu ya sura ya pili, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Samahani, Dokta. Kuna taarifa yoyote kutoka kwa mhasibu?”

Taarifa haikuwapo. Kijana huyo alikuwa ametumia siku 40 katika vijiji vya bonde la Rufiji, akipita nyumba kwa nyumba na madodoso ya mradi wangu kuhusu wakulima wa mpunga. Ruzuku ya utafiti huo ilitolewa kwa mafungu, na malipo yake yalikuwa katika fungu la pili. Fungu hilo halikutoka kwa sababu mimi, mtafiti mkuu, sikuwa nimerejesha masurufu ya fungu la kwanza. Stakabadhi zilikuwa ndani ya bahasha, katika droo ya meza ileile aliyosimama mbele yake. Posho yangu ya kujikimu niliipokea kabla gari halijaondoka chuoni.

Nilimwambia avute subira. Akajibu, “Hamna neno, Dokta,” akaondoka. Baadaye nikapata habari kwamba alikuwa amekihama chumba alichopanga, na sasa “anabebwa” na mwenzake bwenini, yaani wawili kitanda kimoja.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimelitafakari sana neno posho. Katika bajeti zetu, malipo ya msaidizi wa utafiti huandikwa hivyo. Posho, katika matumizi yake ya zamani, ni chakula cha siku anachopimiwa mtu na mwenye ghala. Mwenye ghala akichelewa, mpokeaji husubiri. Akipunguza kipimo, mpokeaji hushukuru. Ujira ni jambo jingine: ni deni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Kijana wangu hakuwa na hata karatasi moja. Alikuwa na neno langu tu.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba mwanafunzi analipwa kwa elimu: anajifunza kazi ya uwandani, anapata data za tasnifu yake, na jina lake litatajwa katika shukrani. Ni kweli anajifunza. Lakini dereva wetu naye alijifunza njia zote za Rufiji, na hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa elimu hiyo ndiyo malipo yake.

Tofauti ni kwamba dereva anaweza kunidai. Mwanafunzi hawezi, kwa kuwa mkono unaopaswa kusaini malipo yake ndio utakaosaini tasnifu yake. Huko Marekani, mwaka 2016, bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi iliamua, katika shauri la Chuo Kikuu cha Columbia, kwamba wasaidizi wa aina hii ni wafanyakazi pia, na wanaweza kujadiliana na chuo kwa pamoja kuhusu ujira wao. Sisi hatuhitaji kungoja mahakama. Kila ruzuku iwe na mkataba wa msaidizi kabla ya safari, tarehe ya malipo iandikwe, na mamlaka ya kumlipa yawe kwa mtu asiyesahihisha kazi yake. Na mtafiti mkuu asiyerejesha masurufu azuiliwe posho yake mwenyewe, badala ya ujira wa mwingine.

Nilirejesha zile stakabadhi wiki hiyohiyo. Ilikuwa kazi ya alasiri moja. Fedha zilipotoka, kijana alikuja ofisini, akainama kidogo, akasema, “Ahsante sana, Dokta, Mungu akubariki.” Alinishukuru kama mtu aliyepewa zawadi. Nilikuwa nimemlipa deni lililochelewa miezi minne, na sikuwa nimemwomba radhi. Nilimwomba pale, akatazama chini kwa aibu, kana kwamba mkosaji alikuwa yeye.