Dada wa Nyumba Namba 19

Ukifika Bath, Uingereza, kila mtu atakuelekeza kwenye mabafu ya Warumi. Mimi nikasema ngoja kwanza. Muda wote ndani ya treni kutoka London nilikuwa na nyumba moja tu kichwani: namba 19, New King Street.

Kwa nje wala haina makeke. Nyembamba, ya mawe ya rangi ya asali, imebanana na majirani. Siku hizi ni makumbusho. Lakini teremka chini jikoni, ukatokee karakana. Sakafu imepasuka! Mwaka 1781 William Herschel alikuwa akiyeyusha madini atengeneze kioo cha darubini. Tanuru likavuja, mawe yakalipuka, watu wakatoka nduki. Na kalibu ya kioo hicho ilikuwa ya kinyesi cha farasi. Aliyekiponda na kukichekecha? Dada yake, Caroline.

Huyu dada si mchezo, msomaji. Alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1750. Homa ya utotoni ikamdumaza, akaishia futi 4 na inchi 3. Mama yake akamwona wa kazi za ndani tu. Mwaka 1772 kaka yake akamleta Bath. Akaimba, akapika, akamlisha William tonge kwa tonge pale mikono ilipokuwa haibanduki kwenye kioo. Machi 13, 1781, kwenye bustani ya hapo hapo, William akaiona sayari ya Uranus. Jina likawa lake.

Baadaye wakahamia karibu na Windsor, na Caroline akapata darubini yake. Agosti 1, 1786, akanasa nyota yenye mkia. Kufikia 1797 alikuwa nazo 8! Mfalme akampangia mshahara, pauni 50 kwa mwaka. Mwaka 1828 akatunukiwa medali ya dhahabu ya wanafalaki wa Uingereza. Mwanamke wa pili kuipata ni Vera Rubin wa Marekani, mwaka 1996. Miaka 168 jamani!

Nikiwa nimesimama pale penye nyufa, nikamkumbuka mdogo wangu. Nilipokuwa nikijisomea mtihani wa Fom Foo, yeye ndiye aliyekuwa akipuliza jiko la mkaa na kuniletea ugali, mimi macho kitabuni. Nikafaulu mimi.

Nikatoka nje nikampigia simu.

"Kaka, kuna usalama?"

"Upo. Ile shule ya jioni uliyokuwa ukiisema, ada yake kiasi gani?"